Kasoro ya Mwendo

Kwa miaka mingi kazi yangu pale Bandari ya Bujumbura ilikuwa kusoma karatasi na kutazama mzigo. Karatasi ikisema vigae vya kahawia, na mimi nikakuta vyekundu, hakuna kitu kinachotoka mpaka mtu aje kunieleza. Wenye mizigo iliyonyooka walinipenda. Wengine walikuwa wakiniona kwa mbali wanapitia mlango mwingine, na sikuwahi kuumia roho kwa ajili yao.

Nasema haya mapema ili msomaji asishangae jinsi nilivyoishia kuwa jaji wa mbwa. Siku moja ofisi ilinituma uwanja wa ndege kutoa sanduku lenye watoto wawili wa mbwa aina ya Yorkshire, wadogo kiasi cha kuingia kwenye kofia. Mwenye mzigo alikuwa daktari wa mifugo, mzee wa hapa mjini, amevaa suti kwa ajili ya kuwapokea. Karatasi zilisema madume wawili. Nikafungua sanduku, nikawageuza mmoja mmoja, nikakuta mmoja ni jike. Nikakataa kutia sahihi. Yule mzee alicheka mpaka akatoa leso, akasema katika maisha yake hajaona mwanamke wa forodha anayechungulia chini ya mbwa. Tukashinda pale hadi jioni mpaka karatasi ikarekebishwa. Wakati wa kuagana akaniambia nina jicho, na jicho kama hilo ni dhambi kulimalizia kwenye vigae.

Ndivyo nilivyoanza kwenda kwenye zahanati yake kila Jumamosi. Kwa miaka mitatu aliniwekea mbwa mezani na kunifundisha kumsoma kwa mikono kabla ya macho. Yorkshire wa kwenye maonyesho awe mwepesi, asizidi kilo tatu na kitu. Masikio yawe madogo, yasimame. Meno ya juu yafunike ya chini kidogo, kama mkasi unavyofunga. Mgongo ulale sawa. Nywele zianguke zimenyooka kama hariri, mgongoni buluu ya chuma, kifuani rangi ya dhahabu. Akitembea, atembee kwa uhuru, miguu ikienda mbele bila kuyumba. Mzee alipochoka, chama chetu kidogo cha wapenda mbwa, ambacho hukutana mara moja kwa mwaka katika bustani ya mwanachama mmoja kule Kigobe, kilinipa mimi kiti chake cha ujaji.

Watu wakisikia mimi ni jaji hudhani nyumbani kwangu Cibitoke nafuga malkia. Waje waone. Ninao Yorkshire wawili, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumpitisha mbele ya jaji mwenye akili. Wa kwanza sikio moja limesimama na lingine limelala, tangu utotoni, kwa hiyo ukimtazama unadhani anakusikiliza nusu tu, na mara nyingi ni kweli. Wa pili amekaribia kilo tano, taya la chini limetangulia, na ulimi unabaki nje hata akilala. Kasoro zao nazijua kwa mpangilio, naweza kuzitaja gizani. Na nawapenda, nasema wazi, kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumpa nafasi ya kwanza. Nikirudi nimechoka na nimekasirika, na mimi hukasirika upesi, yule mnene huleta kandambili yangu moja. Ya pili hajawahi kuileta. Mambo hayo kwenye kiwango cha kuhukumia mbwa hayamo, wala sidai yawemo. Kiwango ni cha kujua nani azalishwe. Nani akae na wewe jioni, hilo utajua mwenyewe.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mwanamke Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi, fundi cherehani, mjane. Amenizidi umri kidogo, nami namwita dada. Aliwahi kumshonea mapazia mama mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa. Yule mama alipoondoka alimwachia Yorkshire wake amtunzie kwa wiki moja. Wiki hiyo sasa ina miaka minne.

Dada alikuwa na utaratibu wake na mbwa huyo, na mimi mpenda taratibu niliuheshimu sana. Karibu na bomba aliweka ndoo ya udongo safi. Akilambwa mkono, huosha mara saba, mojawapo kwa udongo, bila kununa na bila kumfokea mbwa. Mbwa alilala barazani ndani ya sanduku la cherehani ya zamani. Mbele ya mlango wa chumba anachoswalia, dada alichora mstari kwa chaki yake ya kushonea, na mbwa hakuuvuka hata siku moja. Alikuwa akilala pua ikigusa chaki, akisubiri amalize.

Mvua zilipoanza mwaka ule, dada alianguka uani mimi nikiwa sipo, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na fimbo, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akianguka tena hatainuka. Hakupaswa kuishi peke yake. Binti yake ameolewa Kigobe, nyumba kubwa, chumba kilishatayarishwa, hata kitanda kilishanunuliwa. Lakini ujumbe wa binti ulikuja na mkia wake: mume wangu anasema mama aje, mbwa asije.

Dada akasema basi haendi.

Mtu wa mbali angeuliza kwa nini hakumwuliza mkwe wake sababu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaulizani maswali. Wanasalimiana wakitazama chini, na jambo likiwepo linapitia kwa binti. Binti naye alimwogopa mama na alimheshimu mume, kwa hiyo alileta maneno yale yale aliyopewa, bila kuongeza. Ikabaki sisi wawili barazani kukisia.

"Mukwe wangu ni mutu wa biro, wa ofisi," dada aliniambia. "Kule Kigobe mbwa wa majirani wote wako na makaratasi. Huyu wangu iko sawa kifagio. Anaona haya."

"Apana, dada. Shida si makaratasi. Yule ni mutu wa kuswali sana. Hataki mbwa mu nyumba. Ni dini."

"Dini? We mukristo njo unanifundisha mi dini?" Akacheka mpaka akashika nyonga. "Mi naosha mara saba. Yeye angeona ile ndoo yangu, angenyamaza. Ni makaratasi, nakuambia. Konkuru yenu ya mbwa ni lini?"

Hapo nikaelewa anakokwenda, na damu ikanipanda. Alitaka kumwingiza mbwa wake kwenye maonyesho, apate cheti, cheti kimfunge mkwe mdomo. Na jaji ni mimi.

Nilimtajia kasoro za mbwa wake zote pale pale, mbele ya mbwa mwenyewe. Masikio yote mawili yamelala. Taya limetoka. Meno mawili hayapo. Nywele ni pamba. Mgongo umepinda. Dada alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Na mi niko na ngapi?"

"Dada, mi sitaongopa kwa sababu yako."

"Nani amekuambia uongope? We angalia tu vizuri."

Nilirudi kwangu nikiwa nimemkasirikia yeye na nimejikasirikia mimi zaidi. Wiki mbili nzima nilijaribu kutafuta njia. Nijitoe? Chama hakikuwa na jaji mwingine. Nimpandishe nafasi moja tu juu ya ile anayostahili? Nilijua nikifanya hivyo sitashika tena mbwa yeyote mezani bila kujionea aibu. Na nikisema kweli, dada atabaki peke yake na bomba lake na uani kwake kunakoteleza. Nilimwogopea sana.

Siku ya maonyesho bustani ilipendeza, kamba imezungushwa kwenye majani, meza yangu katikati na zulia la mpira juu yake ili mbwa wasiteleze. Karani wangu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri, alikaa pembeni. Chama chetu kina desturi moja: jaji hanong'oni. Kila ninachokiona kwa mbwa nakitamka kwa sauti, karani anaandika, na kila mtu anasikia. Zamani watu walishuku maneno ya pembeni, ndiyo maana.

Yorkshire walikuwa wanne. Dada alifika wa mwisho, amejitanda mtandio mpya, mbwa ndani ya kapu. Aliletwa na mkwe wake kwa gari, kwa kuwa hakuweza kutembea, na binti alikuwa amemwomba mumewe ampeleke. Heshima ilimzuia kuuliza mama mkwe wake anakwenda kufanya nini kwenye mashindano ya mbwa. Alisimama nyuma ya kamba, shati limepigwa pasi vizuri, mikono amefunga kifuani, mbali kidogo na mbwa wote.

Watatu wa kwanza nilimaliza bila taabu. Kulikuwa na jike mmoja mzuri kweli, mgongo kama umepimwa na fundi seremala, na nilifurahi kuwa naye mezani.

Kisha dada akaweka kapu lake. Nikamtoa mbwa. Kabla sijagusa meno alinilamba kidevu, kwa sababu ananijua, na watu wakacheka. Nikakaza uso. Nikatamka: masikio yamelala yote. Taya la chini limetangulia. Meno mawili ya mbele hayapo. Nywele laini mno, kama pamba, rangi imefifia. Mgongo umeinuka katikati. Kila neno nililisikia likiondoka mdomoni, na karani akiliandika, na dada akiitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubali hesabu aliyokwisha kuipiga nyumbani.

Ikabaki kutembea. Kanuni zinaruhusu mtu mwingine amshike mbwa, nikatoa nafasi hiyo.

"Apana," dada akasema. "Mi njo namutembeza."

Akashika kamba mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia, akaanza. Mbwa akaenda hatua tatu, akasimama. Akageuka, akatazama fimbo. Fimbo ilipotua chini, akaenda hatua tatu nyingine, akasimama tena. Walipofika kwenye kona alizunguka kwa nje, mbali na miguu ya dada, akangoja mpaka mwili wote wa dada umegeuka. Kijana mmoja upande wa pili akapiga mluzi kumchangamsha akimbie. Hakukimbia. Watu wakatabasamu kwa huruma. Yule jike mzuri alikuwa amezunguka uwanja huo kwa muda wa kusalimiana tu. Hawa wawili walichukua muda wa kupika chai.

Mimi nilifanya kazi yangu. Nikatamka kwa sauti ile ile:

"Mwendo haufai. Hatembei zaidi ya hatua tatu bila kusimama. Anageuka, anatazama fimbo ya anayemshika, anangoja itue, ndipo anaendelea. Kwenye kona anahamia nje, mbali na miguu yake. Hakimbii hata akiitwa. Kasoro kubwa. Nafasi ya nne kati ya wanne. Asizalishwe."

Dada alisimama katikati ya majani. Hakulia, dada si mtu wa kulia mbele za watu, lakini nilimwona akiinama kurekebisha mtandio ambao haukuwa na tatizo lolote. Nilijisikia vibaya mno. Bandarini nilikuwa nikizuia mizigo, na mwenye mzigo alirudi kesho na karatasi nyingine. Huyu hakuwa na karatasi nyingine ya kuleta.

Ndipo mkwe akainua kamba, akaingia uwanjani. Mtu haruhusiwi kuingia wakati jaji anafanya kazi, na siku nyingine yoyote ningemfukuza kwa maneno ambayo mke wake angeyasikia akiwa nyumbani. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu, akaniambia:

"Samahani, mama. Naomba karani asome tena ile ya mwendo."

Karani akanitazama. Nikamwashiria asome. Akasoma neno kwa neno, polepole, kwa sauti ya darasani. Mkwe alisikiliza akitazama miguu ya dada, si mbwa.

"Mama, umeandika vile kusudi ya kumusaidia?"

Hapo hasira zangu zikapata mahali pa kwenda. "Kumusaidia? Amekuwa wa nne katika wanne! Mi siandiki kusudi ya kusaidia mutu. Naandika ile macho yangu inaona."

"Kwa hiyo ni kweli. Anamungoja kila mara."

"Ni kasoro," nikasema. "Kubwa sana."

 Kisha akaanza kunieleza mimi, macho yake chini, ingawa dada alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu. "Mama, siku ile alianguka, majirani walinipigia simu, mi njo nilikuja kumuinua. Nilikuta huyu mbwa iko chini, katikati ya miguu yake. Nikasema, huyu njo alimuangusha. Nikawaza, akimuangusha tena kwangu, nyumbani kwangu, mi nitamwambia nini mke wangu? Nitaangalia watu na uso gani?"

 Miezi mizima. Dada na makaratasi yake, mimi na dini yangu, tumekaa barazani tunabishana kila mmoja akiwa na uhakika, na huyu kijana wa watu usiku halali kwa kumwogopea mama mkwe wake. Swali moja tu lingetosha, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuliuliza.

Dada akajongea, akaniambia mimi, akitazama majani: "Mwambie mukwe wangu, mi niliteleza na beseni ya nguo. Mbwa alikuwa mu sanduku yake. Nikisha kuanguka njo alikuja, akalala juu ya mguu wangu, akabweka mpaka watu wakakuja."

Nikamgeukia mkwe. "Anasema aliteleza na beseni."

"Mwambie," mkwe akaanza, "mwambie mama kama ningejua..."

"Basi!" nikasema, kwa sauti iliyofanya mbwa wawili wabweke. "Mi niko na kazi hapa! Muko hatua mbili tu, munasikilizana wazi, na munanipitisha maneno sawa barua! Semeni nyinyi wenyewe!"

 Nilijua nimevuka mpaka, mbele za watu, na sikutaka kurudi nyuma. Karani alikuwa ameweka kalamu chini. Wale wawili walisimama, kila mmoja akitafuta pa kuweka macho yake, na mbwa amekaa katikati, masikio yamelala yote.

Mkwe ndiye aliyeanza. Aliinua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni. Sidhani kama aliwahi kufanya hivyo tangu siku alipopeleka posa.

"Mama," akasema, "kwetu mbele iko na ngazi nne. Huyu mbwa anajua ngazi?"

Dada akamtazama mbwa wake, kisha akamtazama mkwe.

"Apana, hajui," akajibu. "Lakini ataningoja."

"Basi twende tujaribu leo," mkwe akasema. Akachukua kapu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akampa mama mkwe wake auegemee.